Picha Nilizozipitisha

Jumanne, 7 Oktoba 2025
Mjukuu wangu Cynthia ameleta roboti yake kutoka chuo. Sanduku la chuma, magurudumu manne, kamera moja mbele. Eti itabeba majani ya chai hadi kituo cha kununulia, peke yake. Imejifunza kuona vizuizi kwa picha elfu tatu. Nikamwambia punda hakuonyeshwa picha hata moja, na hagongi mtu.
“Sokoro, babu yangu, punda wako anakula,” akacheka. “Hii hainywi hata chai.”

Jumatano, 8 Oktoba
Wameijaribu. Ilikwepa mgomba. Ikasimama mbele ya kuku – na mwanangu Walter akapiga makofi! Mtu mzima, akishangilia mkokoteni unaoogopa kuku.
Kisha ikamwendea Nyamoita, mke wa Walter, aliyekuwa ameinama akichuma. Haikupunguza mwendo. Ikamgonga paja, kikapu kikamwagika. Ni michubuko tu, roboti haikuwa na mzigo. Cynthia anasema kamera iliinuliwa mno, ameishusha. Ijumaa wageni wa chuo watakuja, roboti itateremka ikiwa na kilo themanini, na Nyamoita, mama yake Cynthia, atachuma mbele ya roboti.
Si kamera. Najua ni nini.

Alhamisi, 9 Oktoba
Moyo unachoka. Daktari ameacha kunidanganya. Niandike.
Mwezi Agosti Cynthia aliniwekea kitandani kishikwambi chenye picha za kuifundisha roboti. Picha yenye kizuizi – jiwe, ng'ombe, mtu – niguse. Njia ikiwa wazi, nipitishe. Nilifundisha hisabati miaka thelathini na minne. Kazi ya kitoto, nikaidharau. Nyingi zilikuwa za shamba letu: Nyamoita ameinama kwenye chai, mgongo kwa kamera. Sisi tuna chinsoni, mwiko wa haya kati ya baba mkwe na mke wa mwanawe. Mke wa mwanao humtazami hivyo. Miaka ishirini na sita sijampa hata mkono. Nikageuza uso, nikapitisha. Zote.
Mashine haijui heshima. Ilijifunza nilichofundisha: mwanamke aliyeinama si kitu.
Wala nisijifiche nyuma ya mila. Nilijua tangu picha ya kwanza. Ningeweza kumwambia Cynthia. Nilitaka sanduku lile liaibike. Mzee msomi, na roho ya fisi.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeamka nikiwa na nia ya kumwambia Cynthia. Ameshatoka na baba yake, wamekwenda kuwapokea wageni barabarani. Simu yake inaita tu.
Nyamoita ameleta uji. Ameuweka kizingitini, uso upande, kama siku zote. Anachechemea. Kikapu kiko mgongoni; anakwenda shambani.
Nimemwita.
“Baba?”
Nikasema asiende. Akauliza kwa nini, wageni wamefika, mtoto wake atahukumiwa. Nikasema tu asiende. Akasema: “Baba, nipe sababu nimpe Cynthia.”
Sababu ni mwili wake kwenye picha zile, nami kuzipitisha nikijua. Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mke wa mtu, sembuse wa mwanangu.
Injini ya roboti imewaka kule juu. Amesimama mlangoni, mkono kwenye mkanda wa kikapu, anangoja. Nami nimeshika kalamu. Naandika ili nisiseme –