Watani wa Bwana Kimbunga

Jumatatu, 5 Agosti

Nimefagia banda la video, nimemwaga maji ya kutuliza vumbi, nimepanga mabenchi. Benchi la mbele mguu umelegea tena. Nimeuwekea kipande cha tofali. Vumbi la mtaa wetu wa Isevya mwezi huu halina adabu, linaingia hadi kwenye sukari.

Luhende ameleta tamthilia mpya. Mashujaa wenye nguvu za ajabu, anasema, tena ndefu, itatufikisha mwezi ujao. Luhende ndiye mtafsiri wangu. Anakaa kando ya runinga na kipaza sauti, Wazungu wanasema yao, yeye anatupa kwa Kiswahili, na asipoelewa anatia ya kwake. Watu wanafuata sauti yake kuliko picha. Bila yeye mimi nina chumba chenye mabenchi, basi.

Mama yake, Bibi Nyanzala, amewahi kama kawaida. Benchi la mbele, fimbo katikati ya magoti. Nimempa shikamoo. Akaitikia marahaba, halafu papo hapo: "Mzaramo, umenenepa. Mlango huu watapanua lini?" Nikamwambia babu zake walibeba pembe za ndovu za wenyewe kutoka hapa mpaka pwani, kila wakipita kwetu wanaomba maji, na mpaka leo shingo za ukoo wao hazijanyooka. Alicheka mpaka akakohoa.

Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara hiyo. Tunatukanana na hakuna wa kununa. Na mimi ndiye Mzaramo pekee mtaa mzima. Niliolewa huku, mume akafa, nikabaki na banda. Matusi yote ya Wanyamwezi wa Isevya yananishukia mimi. Nayapenda.

Jumanne, 6 Agosti

Aibu tupu. Tamthilia imeanza, picha haina rangi. Nyeusi na nyeupe. Nimeipiga runinga kofi la ubavu. Nimechomoa nyaya, nimechomeka. Nimemwita fundi, akafungua mgongo wa runinga, akapuliza, akafunga. Picha ileile. Watu wanapiga miluzi.

Kumbe wameitengeneza hivyo makusudi. Wameiga vichekesho vya zamani, vya enzi runinga hazina rangi. Shujaa mwenyewe, Bwana Kimbunga, mtu wa kung'oa ghorofa kwa pumzi moja, amevaa tai, yuko jikoni anachemsha yai. Akapiga chafya. Yai likaganda darini.

Halafu kicheko. Cha watu wengi, hawaonekani. Luhende hakujua atafsiri nini. Akasema, "Wanacheka hao." Kikaja kingine. "Wanacheka tena." Akaendelea hivyo mpaka mwisho, jasho linamtoka. Mabenchi ya mbele yakawa yanamcheka yeye.

Nyuma hawakucheka. Nyuma ni kwa Kulwa na wenzake, bodaboda wa kijiwe cha Gongoni. Vijana wa sinema za ngumi. Kulwa alisimama na helmeti kichwani akauliza kwa sauti ngumi ziko wapi. Nilikuwa bado nimemshikia fundi bisibisi yake.

Alhamisi, 8 Agosti

Nanenane. Watu wametoka kwenye sherehe wakaja bandani. Pamejaa.

Banda limepasuka vipande viwili. Mbele, kina mama, wanaipenda. Wanasema ile ni nyumba kama nyumba yoyote, mume hodari nje, jikoni hajui chumvi iko wapi. Mmoja ameshampelekea fundi cherehani maelezo ya gauni la Mama Kimbunga. Nyuma wanazomea. Kulwa anasema mwanaume wa kung'oa ghorofa hawezi kushindwa na yai, hiyo ni dharau kwa mashujaa wote. Akaambiwa na mama mmoja kwamba mumewe naye alikuwa mwanajeshi na yai linamshinda. Ikawa vurugu. Nilizima jenereta kidogo ili watu wapoe.

Mimi mwenyewe sijui niko upande gani. Kile kicheko kinanikera. Nataka kuwaona hao wanaocheka.

Jumamosi, 10 Agosti

Bibi Nyanzala ametoa hukumu.

Bwana Kimbunga alikuwa ameteleza kwenye ganda la ndizi, kicheko kikaja, Luhende akasema wanacheka hao. Bibi akanyanyua fimbo. Akasema nyie watoto hamuoni? Mtu anaanguka nyumbani kwake mwenyewe, watu wamejaa humo ndani wanamcheka, naye hawafukuzi wala hawaulizi wametoka wapi. Hao ni watani. Na watani hawajai nyumbani kwa mtu hivyo siku ya kawaida. "Hapo kuna msiba," akasema. "Kuna maiti ndani ya nyumba hiyo, wanaficha."

Banda zima likainama kuitazama runinga upya. Hata Kulwa.

Ni kweli. Ndivyo tunavyofanya. Mnyamwezi akifiwa, mtani wake anakwenda kuvuruga kilio. Anamuigiza marehemu, anaficha majembe ya kaburi, anazuia jeneza, mpaka mfiwa acheke, na akishacheka ndipo anaweza kulia vizuri.

Tangu hapo hakuna aliyetazama yai wala ganda la ndizi. Wote wanatazama milango ya vyumba.

Jumanne, 13 Agosti

Kichaa. Kina mama wamekuja wamejifunga kanga kiunoni, kama wanakwenda matangani. Mama Kimbunga akitokea wanamwambia pole, dada, jikaze. Mmoja ameleta mkeka.

Tamthilia imeingia rangi leo. Hakuna aliyejali. Wanabishana aliyekufa ni nani. Wengi wanasema baba mkwe, maana anatajwa na haonekani. Luhende anaapa hajatazama mbele. Namjua, hajatazama. Anapenda kushtuka pamoja na watu.

Kulwa amesimama akasema yeye alikuja sinema, hakuja msibani, na kama ni msiba basi wangempikia ubwabwa. Akatoka na wenzake wote. Pikipiki zao zikaondoka kwa kelele kuelekea banda la mpira. Nusu ya mabenchi yangu matupu. Nimekasirika. Nimemkasirikia Kulwa, nimemkasirikia Bwana Kimbunga, nimemkasirikia na Bibi. Mabibi wengine wanaangalia sinema na kusinzia, huyu wangu anatoa hukumu.

Jumamosi, 17 Agosti

Bibi hakuja. Kifua. Nilidhani ni utani wake wa kunikomoa.

Baada ya onyesho nimempelekea uji. Nimemkuta Luhende kando ya kitanda anamtafsiria sehemu ya leo. Hakuna runinga, hakuna picha. Anatoa sauti zote mwenyewe, ya Bwana Kimbunga nene, ya mkewe nyembamba. Akifika kwenye kicheko anasema, "Wanacheka hao," na Bibi anaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea salamu. Nilisimama mlangoni na bakuli mpaka uji ukapoa.

Bibi aliponiona alisema sasa jua limezibwa. Akauliza kama maiti imeonekana. Nikamwambia bado. Akasema itaonekana tu, maiti haijifichi.

Luhende alipotoka kuchota maji, Bibi alinishika mkono. Mkono mkavu, una moto. "Siku yangu usilie, Mzaramo. Siku hiyo uko kazini." Akasema mwanawe anajua kusemea watu wote ila mwenyewe. Alipofiwa na baba yake alinyamaza miezi, mpaka watani walipomchekesha. Usimwachie akanyamaza, akasema.

Nikamwambia aache uchuro, atatuzika sisi. Akaniambia kaburi langu watalichimba na katapila.

Jumatano, 21 Agosti

Bibi Nyanzala amefariki. Alfajiri.

Banda nimefunga. Siwezi kuandika zaidi ya hapa.

Alhamisi, 22 Agosti

Mazishi kesho, wanasubiri ndugu kutoka Nzega. Uwanja umejaa. Turubai, mikeka, masufuria.

Luhende amekaa kwenye kiti cha plastiki. Hajalia. Hajasema neno tangu jana. Anapewa pole, anatikisa kichwa. Mchungaji amemuuliza jambo la wimbo, akamtazama tu. Mtu mwenye sauti kumi na mbili, leo hana hata moja.

Na watu wananitazama mimi. Najua wanachosubiri. Shangazi yake alinipita na sufuria akasema kwa sauti ya kawaida kabisa kwamba siku hizi hata Wazaramo wamekuwa wastaarabu. Hilo limeniuma kuliko tusi lolote la Bibi.

Nimejaribu. Nimesema marehemu amekufa mapema ili akwepe kubeba mzigo wa kesho. Hakuna aliyecheka. Hata mimi sikucheka. Kilio kilikuwa kinanijia, na mtani akilia mbele ya mfiwa kazi imeharibika. Nikakimbilia nyuma ya choo, nikasimama huko mpaka macho yakakauka.

Ninaogopa. Luhende asipofunguka kesho, atanyamaza kwa miezi. Na mimi ndiye niliyeachiwa.

Ijumaa, 23 Agosti

Nimefanya.

Jeneza lilikuwa sebuleni. Mchungaji amemaliza sala, wanaume wameinama kulinyanyua. Nikachukua kigoda cha Bibi na fimbo yake. Nikakaa katikati ya mlango. Kwa mwili wangu hakupiti hata kuku. Shangazi akapumua kwa nguvu, akasema haya sasa, Mzaramo amekuja.

Nikasema jeneza halitoki bila debe la asali. Wakaguna kidogo. Haikutosha. Luhende alikuwa amesimama kichwani kwa jeneza, macho makavu, ananitazama kama anayetazama ukuta.

Sikujua nifanye nini. Basi nikaweka fimbo katikati ya magoti. Nikaegemea mbele, nikakaza macho kwenye jeneza, kama Bibi alivyokuwa akikazia runinga. Nikatoa sauti yake, ile ya puani. Nikasema: "Luhende! Picha naiona. Sauti siisikii. Anasema nini huyu?"

Mchungaji akatazama kitabu chake. Nikarudia, nikagonga fimbo chini: "Wewe ndiye mtafsiri. Anasema nini?"

Nilidhani nimeharibu. Nilidhani atanitoa nje, na angekuwa na haki. Midomo yake ilifunguka ikafumba. Halafu ikatoka ile sauti ya bandani, ya kipaza sauti, nzito, kila neno limenyooka.

"Anasema huyo Mzaramo mnene aondoke mlangoni. Amemzibia jua."

Kicheko kililipuka. Sebuleni, uwanjani, jikoni. Kikubwa kuliko vyote kilitoka nyuma ya uzio, sikuona watu, nilisikia tu vifua vya wanaume. Baadaye nikajua ni Kulwa na wenzake. Walikuja na pikipiki zote kusindikiza, wakaona haya kuingia.

Luhende alisema, taratibu, "Wanacheka hao." Akacheka mwenyewe. Kicheko kikamvunjikia katikati, akalia. Alilia kwa sauti, ameshika jeneza, na wanawake wakalia naye. Kazi imeisha, nikanyanyuka. Kigoda kilinikwama nyuma nikatembea nacho hatua kadhaa. Hilo sikulipanga.

Makaburini sikulia. Nilikuwa kazini.

Jumamosi, 31 Agosti

Nimefungua banda. Nimefagia. Luhende hajaja bado, amesema Jumamosi ijayo. Anaongea sasa. Ananiita Katapila. Sijui Bibi alimwambia lini.

Kulwa amekuja mchana peke yake, amepigilia mguu wa benchi la mbele misumari minne. Hakusema sababu. Aliuliza tu kama sehemu ya mwisho itaonyeshwa au vipi, maana watu wanataka kujua aliyekufa. Watu gani, nikamuuliza. Akawasha pikipiki.

Jumamosi, 7 Septemba

Sehemu ya mwisho. Pamejaa, mbele na nyuma. Benchi la mbele halikubaki wazi. Kulwa alilikalia, akasema hapo ndipo panaonekana vizuri, na helmeti ameipakata.

Hakuna aliyekufa. Ndivyo ilivyoisha. Adui alimfungia Bwana Kimbunga ndani ya kichekesho cha zamani ili asahau nguvu zake, na wale wanaocheka ni mashine. Luhende alitafsiri bila kuongeza neno. "Anasema hakuna aliyekufa. Ni mashine tu."

Banda likalipuka. Mwongo! Tafsiri vizuri! Kulwa ndiye aliyepiga kelele kuliko wote, amesimama, anasema mashine haiwezi kucheka vile, na Bibi alisema kuna maiti, kwa hiyo maiti ipo. Ngumi zilipigwa nyingi mwishoni, ghorofa tatu zimeng'oka. Kulwa hakuziangalia.

Luhende akasema kwenye kipaza sauti yeye anatafsiri tu, hakuandika. Akasubiri watulie. Halafu akasema mama yake angemtukana, na akaendelea.

Watu wametoka wakibishana mpaka barabarani. Luhende amenisaidia kukusanya mabenchi, amekunywa chai, amekwenda kwao. Nimeosha vikombe. Fimbo ya Bibi wamenipa mimi, iko kona ya jiko. Nimeipa shikamoo. Nikaitukana kidogo, shingo za ukoo wao.

Halafu nimekaa kwenye gunia la mkaa, nimelia. Sana. Alinikataza siku ile tu.