Beki Hakuhitaji Kusamehewa

Carrollton, Texas, 2019

Mzee Han,

Duka lako la dobi limefungwa. Binti yako Sumi aliuza mashine zote, na mimi sasa napiga pasi mashuka ya hoteli moja huko Plano. Mgongo unauma, lakini nipo. Nakuandikia kwa sababu siku ya kukuaga nilisimama kanisani kwenu nikasema bila kuitwa. Sijui kama ungependa. Hata kama usingependa, sijutii.

Watu waliniuliza baadaye, huyu mama Mrundi ni nani? Hawakujua kwamba nilifanya kazi kwako mwaka mzima bila mimi mwenyewe kujua wewe ni nani. Nilimjua tu mzee mkimya anayechechemea, anayekula akiwa amesimama. Halafu Jumapili ile nikasahau funguo dukani, ukaniletea kiwanjani nyuma ya parokia, tunapocheza sisi akina mama baada ya misa. Ulibaki mpaka mwisho. Jumatatu ukaniambia, "Konso, unafukuza mpira kama mtu anayefukuza kuku. Mwangalie mtu. Kiuno hakidanganyi." Kiingereza chako kilikuwa kibovu kama changu, ndiyo maana tulielewana.

Kuanzia hapo, kila mchana ulinifundisha katikati ya mashati yaliyotundikwa. Simama upande. Ziba njia, usivamie. Nusu hatua nyuma, subiri. Na kidogo kidogo ukanisimulia maisha yako ya mpira. Mama yako aliuza mboga sokoni, huko kwenu Korea. Makocha walisema wewe ni mfupi mno kuwa beki wa kati, basi ukaruka kamba kila asubuhi mpaka ukawashinda warefu kwa vichwa. Misimu mitatu benchi. Kisha kikosi cha kwanza, kisha kitambaa cha unahodha. Pua ilivunjika mara mbili. Kadi nyekundu hukuwahi kupata hata moja, na hilo ulilisema ukinyoosha mabega.

Ile fainali uliisimulia mara moja tu, mkono ukiwa juu ya kola ya shati. Timu zilikuwa sare, dakika zimebaki chache. Ukamrudishia kipa wako mpira, ukawa mfupi, mshambuliaji wao akauwahi akafunga. Mji mzima ulikununia. Wateja wakaipita meza ya mama yako kana kwamba mboga zake zimeoza. Msimu uliofuata ukaacha mpira, ukaja Texas kupiga mashati ya watu pasi.

Nikakuuliza, kwa nini ulirudisha nyuma? Ukajibu, "Ndiyo ilikuwa pasi sahihi. Ilikuwa fupi, basi." Nikakuambia kwamba kwetu pasi ya mpira na pasi ya nguo ni neno moja. Ulicheka mpaka ukazima mashine.

Kisha tumbo. Saratani haikukupa hata msimu mmoja.

Siku ya kukuaga alikuja mwenzako wa zamani kutoka Korea, mzee mrefu mwenye viganja vikubwa. Aliongea muda mrefu, Sumi akinitafsiria sikioni. Mwishoni yule mzee akaigeukia picha yako akasema, "Ndugu yetu, lile kosa tulikwisha kukusamehe zamani." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Wengine wakafuta machozi.

Mzee, damu ilinichemka. Nimeishi kambi ya wakimbizi miaka kumi na mitatu, nimesamehewa mambo mengi ambayo sikuyafanya. Naijua sauti ile.

Nikasimama. Nikasema kwa Kiingereza changu hiki, "Mnamsamehe nini? Nani hapa anakumbuka mipira aliyoizuia? Hamuikumbuki kwa sababu hakuna kilichotokea. Hiyo ndiyo kazi ya beki. Alifanya kazi hiyo miaka yote, ninyi mkalala usingizi mzuri." Sumi akasimama kando yangu akayatafsiri yote, neno kwa neno, bila kuinamisha kichwa.

Baadaye, watu wakila supu ukumbini, yule mzee alinifuata mlangoni, Sumi akitutafsiria. Akasema yeye ndiye alikuwa kipa siku ile. Kisha akasema, "Na mimi nilichelewa kutoka golini."

Miaka thelathini, Mzee. Hakuna aliyemuuliza, naye hakusema. Na wewe ulijua. Beki anajua kipa wake yuko wapi. Ulijua ukanyamaza, ukambebea kosa lake. Kwa hilo nimekukasirikia na bado nina hasira, nakwambia wazi.

Nikamwambia, "Usiniambie mimi. Nenda kawaambie hao." Nilidhani angeondoka. Alirudi ndani, akasimama kati ya meza, akagonga kikombe kwa kijiko, akasema. Vijiko vyote vikatulia. Sumi hakunitafsiria; alikuwa analia huku macho yamefumbuliwa, kama mtu anayetaka kuona vizuri.

Juzi tulienda Houston, saa nne za ku-drive, kucheza na akina mama wa mtaa wa Alief. Nahodha wetu alitaka nipumzike, eti nina miaka arobaini na mmoja, wacha wasichana wakimbie. Nikamwambia wasichana wakimbie mbele, huku nyuma kuna mwenyewe. Tulifungwa mawili kwa moja. Bao la pili nililisababisha mimi, mguu uliteleza. Wenzangu walinitazama. Nikautoa mpira wavuni, nikaupeleka katikati kwa mikono yangu, nikarudi mahali pangu. Kipindi chote kilichobaki, yule mshambuliaji wao hakunipita tena. Hakuna atakayelikumbuka hilo. Mimi nalikumbuka.

Nakuahidi hivi: mtu yeyote atakayetaja ile pasi mbele yangu, hataondoka kabla hajasikia ya kamba, ya benchi, ya pua, ya kitambaa, na ya kipa. Atachelewa kazini, shauri yake.

Nenda salama, Mzee wangu. Wewe tangulia. Mimi nabaki nyuma.

Konsolata