Mjukuu Wangu Hakuwa Simba

Jumatatu, 5 Novemba 2012
Umekaa mno huko Sudani na jeshi lako, mjukuu wangu Obadia. Mwaka unakatika. Huoni haya? Mimi darasani sijaingia hata siku moja. Herufi ulinifundisha wewe, kwa mkaa, kwenye mlango wa jiko, ukiwa darasa la tatu. Sasa mwalimu katoroka, daftari nani alisahihishe?
Leo nimesafisha shamba la juu. Mvua bado. Mgongo unawaka moto.

Jumatano, 7 Novemba
Mwanangu Yona amekuja asubuhi na pikipiki kutoka Tunduma. Hakunisalimia. Nikajua.
Obadia amekufa. Malaria. Kafia hospitalini huko huko Sudani, yeye aliyekwenda kulinda amani ya watu.
Malaria! Mtoto wa hapa Msangano, aliyekulia na mbu!
Sijalia. Nina hasira.

Ijumaa, 9 Novemba
Wamemleta Tamali, binti yangu, mama yake Obadia. Halii, hali, hasemi. Anatazama ukuta tu. Nimemlaza mapajani kama mtoto mchanga. Mtu mzima, mzito. Uji umepoa, nimepasha, umepoa tena.

Jumapili, 11 Novemba
Kamati ya msiba imekaa uani. Yona katusomea wasifu wa marehemu, wa kusomwa kaburini. Shujaa. Simba asiyejua woga. Ameanguka mstari wa mbele.
Nikauliza, huyo ni nani?
"Mama, wasifu ndivyo unavyoandikwa."
"Obadia alikuwa anaogopa mbwa, Yona. Na vidonge."
"Sasa unataka kumwaibisha marehemu?"
Wazee wakatazama chini. Waoga wote.
Vidonge vya malaria alikuwa anavibana chini ya ulimi, akitoka nje anavitema kwenye migomba. Nilikuwa namfungua mdomo kwa vidole, kama mbuzi, mpaka nione kameza. Huko jeshini nani alimfungua mdomo?
Tamali alisikia hilo neno simba. Akajifunika khanga uso mzima. Wanataka kumzika mtu mwingine. Mtoto wake wamempeleka wapi?

Jumanne, 13 Novemba
Kafika. Gari la jeshi, sanduku, bendera juu. Tumeambiwa tusifungue. Hata uso.
Nimeligonga kwa kiganja. Nikamwita, mume wangu. Ndivyo nilivyomwita tangu ananyonya, kama bibi yeyote anavyomtania mjukuu wake. Na yeye akitoka shule: "Mke wangu mzee, umepika nini? Nikaoe mwingine?"
Sanduku halijibu. Tamali kasimama mbali, kama ni msiba wa jirani.

Jumatano, 14 Novemba
Tumezika.
Yona kasoma simba wake mpaka mwisho. Nikainuka. Kanishika khanga.
"Mama, kaa, kuna wakubwa hapa."
"Niachie. Anayezikwa ni mume wangu."
Watu wakacheka. Bibi ni mtani wa mjukuu, na mtani hafungwi mdomo msibani. Hata mchungaji anajua.
Nikawaambia. Huyu alikimbizwa na kambwa kadogo hivi, akapanda juu ya paa la choo, akashinda huko mpaka jua linazama. Kwaya walimwomba afungue mdomo tu, sauti asitoe. Andazi lake moja alikuwa anamkatia kila mtoto, mwisho anabaki analamba vidole. Na vidonge vya malaria alikuwa anavibana chini ya ulimi, kisha anavitema. Hakuanguka mstari wowote. Kafa kwa malaria na ubishi wake.
Tamali kacheka. Sauti kubwa, ya ajabu, ikapasuka katikati, ikawa kilio. Akaenda mwenyewe kulikumbatia lile sanduku. "Obadia wangu. Obadia wangu." Akina mama wakampokea. Ndipo na mimi nikalia.
Baadaye askari mmoja, kijana, kati ya waliobeba, kachuchumaa mbele yangu.
"Bibi, hata kule vidonge alikuwa anavificha kwenye soksi. Sisi tulikuwa tunamcheka."
Nilitaka kumzaba kofi. Mkono ukaenda wenyewe kwenye shavu lake, ukatulia hapo. Naye alikuwa analia.
Kwa hiyo ni kweli. Afadhali nisingejua. Hapana. Afadhali najua.

Alhamisi, 15 Novemba
Yona hanisemeshi. Anasema nimeiaibisha familia. Anune. Njaa ikimshika atakuja.

Jumapili, 25 Novemba
Mvua imenyesha. Tamali kala ugali na mlenda, kaomba wa pili. Tumepanda wote wawili.
Alfajiri nimekuota, Obadia. Umesimama mlangoni na magwanda yako, wima, uso kama wa kwenye picha. Hukusema kitu. Sikupenda.
Ukija tena, hayo magwanda yaache huko huko. Vaa kaptula yako, pitia jikoni, ugombezwe kwanza. Kisha ule.