Jina Nyuma ya Picha

Jumatatu, 3 Machi 2025

Stéphanie, mwalimu wetu wa picha, anaandaa maonyesho mjini, Area 47: wanawake wa kwanza kushika kamera. Anasema zamani, hata nchi za mbali, mke alipiga picha, mume akatia jina lake mwenyewe. Nilimcheka. Kwetu fundi ni Papa—kambi nzima ya Dzaleka inamwita Papa Photo!

Mchana nikazitoa picha kumi na mbili za studio yetu ya Bukavu. Nyuma ya kila moja, muhuri: Photo Lwaboshi. Jina la Papa. Lakini katika tatu Papa mwenyewe ameketi, amekunja nne. Sasa nani alipiga? Nikamuuliza. Akakohoa.

Mama hakuinua macho kwenye cherehani. "Zote ni mi. Papa yako alikuwa anapanga bantu na kubachekesha. Mi, baliniona nabonyeza tu. Fundi ni bwana."

Zote! Kifua kimenijaa. Mama yangu!

Jumatano, 5 Machi

Stéphanie amezichukua picha zetu kwa maonyesho, anataka jina la mpiga picha kesho. Mama anasema niandike Mama Charlène. Nimekataa. Charlène ni mimi, na picha zile zilipigwa kabla sijazaliwa! Amenigombeza: nisimwaibishe Papa, kanisani watamwitaje?

Papa, tangu juzi: Anakula, anatoka. Namhurumia—na nimemkasirikia. Miaka yote hiyo akipokea sifa za mwenzake.

Alhamisi, 6 Machi

Nimeandika jina la Mama mwenyewe: Marguerite Zihindula. Basi.

Jumamosi, 8 Machi

Area 47. Naandika kwenye benchi la ukumbi. Papa amekuja! Kavaa koti. Jina ukutani amelisoma mara mbili.

Wageni wanampa Mama mkono, wanamshukuru: zikomo, zikomo. Anajibu kwa sauti ndogo, lakini amesimama wima. Wanataka apigwe picha mbele ya kazi yake. Stéphanie akamkabidhi Papa kamera—si ndiye mzee wa studio? Hajui kwamba Papa hajawahi kubonyeza. Nikainuka nimwokoe.

"Acha," akasema. "Leo mi njo nitamupiga."

Kidole kinatafuta kitufe. Watu wanangoja.

"Marguerite," anaita. Sijawahi kumsikia akitaja jina hilo. "Nisimame wapi?"

Mama anatazama dirisha, anapima mwanga. Anampungia mkono: rudi nyuma. Tena kidogo. Hapana, kushoto—