Baruti Iliyolia Baada Yako

Afande Mshamu, ndugu yangu,

Usingependa kulisikia hili, lakini sijazoea kukuficha kitu. Hapa kijijini Utende wanasema wewe ndiye uliyekuwa ukiwatengenezea wavuvi haramu baruti. Ushahidi? Ulikuwa mwanamaji, na wanamaji wanajua milipuko. Tena tangu tulipokuzika, baruti imenyamaza. Basi ni wewe!

Miaka yote ile jeshini ulikuwa mpishi wa meli. Ulilipua nini, maharage?

Mjumbe wetu aliyasema hayo kikaoni, mbele ya watu wa hifadhi ya bahari na mbele ya mkeo Zuhura, aliyeinamisha kichwa. Nikasimama ninawaka. Wallahi, nilikuwa na maneno ya kumnyima mtu usingizi. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinivuta shati barazani: "Mwalimu, ukimtukana mtu atakumbuka tusi, asahau kosa lake." Kisha unamgeukia yule aliyekosea, taratibu: "Samahani, shehe wangu, hapo umeruka kidato." Ulisema ngazi za meli zilikufundisha hilo, anayeruka kidato huvunjika mguu.

Basi nikajizuia. "Samahani, mjumbe. Tangu Afande afe, kusi nayo imeanza kuvuma. Ndiye aliyekuwa ameishika?" Watu wakacheka. Nikaeleza kwamba upepo wa kusi ukichafua bahari wapiga baruti hawatoki. Akanijibu, "Hayo ya vitabuni, mwalimu." Zuhura hakuinua kichwa.

Jana asubuhi bahari ilitulia. Baruti ikalia upande wa Ndagoni, vikombe vikagongana mezani. Nami nikashangilia! Mimi, niliyemaliza kalamu nikiwalaani wanaovunja matumbawe. Nikakimbia hadi kwako, napiga kelele tangu uani: "Shemeji, umesikia? Afande ametoka safi!"

Zuhura alikuwa anachambua mchele. Akasema, "Samahani, shemeji, umeruka kidato. Mlipuko huo unaonyesha hoja yao ni mbovu, basi. Usafi wa mume wangu sikuhitaji baruti kuujua."

Nilikaa chini palepale. Nikalia, kwa mara ya kwanza tangu ufe.

Ijumaa narudi kikaoni. Nitaanza na samahani, kama ulivyotaka, wala sitakaa mpaka mjumbe akiri kosa lake akilitaja jina lako, Zuhura akimtazama machoni. Kisha tumtafute anayelipua kweli, kwa kilichoonekana, si kwa kilichodhaniwa.

Pumzika, Afande. Safari hii nitapanda kidato kwa kidato, na hanishushi mtu.