Choo cha Papa Kimezibwa

Goma, Majengo
Tarehe 14 Novemba 2022

Mpendwa kaka Anastase,

Pokea salamu zetu. U mzima? Mkeo na watoto wanaendeleaje huko Kampala? Mama yupo, magoti tu yanamsumbua. Mimi mzima wa mwili, lakini nina uchungu moyoni, na leo sitauficha.

Shangazi Dancille alifika na wajukuu wake wakikimbia vita Rutshuru. Tukawapa chumba cha chini, kile ambacho lava ya 2002 ilikizika hadi madirishani na papa wetu akakichimbua kwa nyundo, akaweka na choo humo ndani. Hatukuwa na kingine.

Ubaya wake unaujua. Shimo la choo la nje ni fupi, maana lava haichimbiki. Likijaa, maji yake yanasimama juu kuliko sakafu ya kile chumba. Mvua ikinyesha, jirani wa juu naye anafungulia shimo lake, na uchafu wote unatokea kwetu, kwenye choo cha chumba hicho, maana bomba lake linaingia shimo hilo hilo.

Wiki jana uchafu huo ulipanda mpaka kwenye mikeka. Mukamazimpaka, mjukuu mdogo, akashikwa na kipindupindu. Shangazi alikaa kwenye ngazi akasema, "Nilikimbia masasi ya bunduki, Rosine, sasa niko nakimbia mavi mu nyumba ya kaka yangu." Nilitamani ardhi inimeze.

Tangu volkano ya mwaka jana nakuomba ruhusa tukizibe hicho choo. Ukajibu kwamba ni kazi ya mikono ya papa, kwamba wewe ndiye mkubwa, tusiguse mpaka uje na klape, kile kifuniko cha ndani ya bomba kinachoacha uchafu utoke na kuuzuia kurudi. Ulikuja Noeli? Ulikuja Pasaka? Adhabu ya kaburi aijuaye maiti, kaka.

Basi sikungoja tena. Jumamosi fundi Hitimana alikata bomba akaziba tundu kwa simenti. Mama alilia. Mimi nilishika taa. Sasa sote tunapanga foleni kwenye choo cha nje. Mtoto ametoka hospitali, anakunywa uji. Ukikasirika, kasirika.

Fundi aliniuliza, "Na ile klape ya kaka yako, hatuingojei?" Nikamwambia klape tunayo, iko Kampala: ilitoka, hairudi.

Mama anakusalimu. Shangazi anawasalimu watoto, wewe hakukutaja. Mungu awalinde, na sakafu yenu ibaki kavu.

Mdogo wako, anayekupenda hata kwa hasira,
Rosine