Bunduki Tano za Mzee Bare

Jumatatu, 6 Februari 1967
Leo tena mdomo wangu umefanya kazi ya watu wawili. Bwana D.O., ofisa wa serikali wa wilaya, upande huu wa meza, mkwe wangu Mzee Bare upande ule, mimi mkalimani katikati, nimesimama. Mzee alikuja kumwombea mwanawe Adow, ndugu ya mke wangu. Alikamatwa nje ya boma la kijiji, bila kibali, akitafuta ngamia aliyepotea. Wiki ya tano sasa yuko kambini kwa askari. Wanamwita shifta, mwasi wa porini. Adow! Mtu anayeogopa hata mbwa.

D.O. akasema, "Mwambie serikali si mbaya. Akitusaidia, tutamsaidia."

Mzee akaniangalia. "Muulize anauza nini, na bei yake ni nini."

Nikatafsiri: Mzee anauliza serikali ingependa msaada gani.

Bunduki, akasema D.O. Tano. Kabla ya baraza la tarehe kumi na nane, maana mkubwa wake kutoka Nairobi atakuwepo.

Mzee hana hata upinde.

Jumanne, 7 Februari
Mke wangu Hawo hali chakula. Anasema unakaa na yule mtu kila siku, huwezi kumwomba? Nikamwambia mkalimani haombi, mkalimani anapitisha maneno tu. Basi wewe ni bomba, akasema, maji yanapita na wewe unabaki na kiu. Nilikasirika, nikatoka. Nilikasirika kwa sababu ni kweli.

Alhamisi, 9 Februari
Mursal amekuja nyumbani. Ana duka la pekee hapa Bulla Gedi na lori linaloleta sukari kutoka Garissa. Sasa anataka uchifu. Kiti ni kitupu tangu chifu wa zamani apigwe risasi njiani.

Hakuja moja kwa moja, hajawahi. Aliuliza watoto, akauliza ngamia, akalaani ukame. Halafu — amesikia shida ya Mzee. Anaweza "kupata" bunduki tano. Za zamani, tusiulize zimetoka wapi. Mzee atazitoa kwa mkono wake mwenyewe barazani. Na siku hiyohiyo, D.O. akiuliza watu wanamtaka nani awe chifu, Mzee atasimama amtaje Mursal.

"Si biashara, Yarow. Ni kukumbukana tu."

Kukumbukana! Tangu nianze kazi hii nayasikia maneno haya mpaka yananikereketa. D.O. anasema kusaidiana. Karani anasema tuelewane. Askari wa langoni, mtu akitaka kutoa mbuzi wake nje wakale, anasema niangalie. Hakuna anayesema nipe nikupe. Sokoni wauza ngamia hushikana vidole chini ya shuka ili bei isionekane, lakini angalau ngamia yupo pale, unamwona, ana miguu minne. Hapa hata ngamia simwoni.

Ijumaa, 10 Februari
Baada ya sala nilikwenda kwa Mzee. Amekataa.

"Adeer," akaniambia, yaani ami, ndivyo anavyoniita siku zote ingawa mdogo ni mimi, "nikitoa bunduki, nimesema nilikuwa nazo."

Nikasema ni maneno tu. Akasema ameishi kwa maneno, hana mali nyingine iliyobaki.

Basi nikamwambia nililomficha Hawo. Wiki iliyopita niliitwa kambini kutafsiri maswali. Nilimwona Adow. Anakohoa damu. Hawezi kusimama bila kushika ukuta.

Mzee akavuta shuka yake mabegani. Kisha: "Wewe unamjua huyu D.O. Akisema, amesema?"

Nikasema ndiyo. Wallahi sijui kwa nini nilisema ndiyo. Nilitaka Hawo ale.

Jumapili, 12 Februari
Nimekwenda kwa D.O. peke yangu. Mara ya kwanza kumwambia neno langu mwenyewe. "Afande, bunduki zikija, Adow anatoka?"

Alikuwa anafuta miwani. "Tutalitazama."

Nikauliza tena.

"Yarow. Nimesema tutalitazama."

Nilipomfikishia Mzee nilisema: amekubali.

Jumatano, 15 Februari
Mzee amesema sawa. Mursal ametuma sukari nyumbani. Hawo akapika chai nayo. Nikanywa.

Jumamosi, 18 Februari
Baraza. Nimechoka mpaka mkono unakataa kuandika, lakini niandike.

Mzee Bare alizileta zimefungwa ndani ya mkeka. Akazitandaza chini, moja moja. Moja haina kifyatulio. Moja kitako kimefungwa kwa ngozi mbichi. Bunduki gani hizi! Lakini mkubwa wa Nairobi aliinuka kitini kuzitazama, na mtu wake akapiga picha.

"Ni za nani?"

"Za watu wangu," akasema Mzee. Nikatafsiri. Za watu wake.

Kina mama nyuma wakavuta watoto wao karibu. Mtu mmoja akatema mate, akaondoka. Mzee alisikia, hakugeuka.

Halafu habari ya chifu. Mzee akasimama tena, akasema, "Mursal." Neno hilo moja, akaketi. D.O. ananitazama nitafsiri! Nitafsiri nini? Wakapiga makofi. Kofia ya chifu ilikuwa tayari ndani ya gari, imeletwa kutoka Garissa. Ilimtosha vizuri.

Adow hakutajwa. Nilimfuata D.O. mpaka kwenye Land Rover. Jumatatu, akasema. Mzee aje Jumatatu.

Jumapili, 19 Februari
Hawo amefua kikoi cha Adow, anaimba. Nimeshindwa kukaa ndani.

Jumatatu, 20 Februari. Ofisini, saa saba mchana
Naandika D.O. akiwa amekwenda kula. Mzee yuko nje kwenye benchi tangu alfajiri, kikoi mapajani.

Kabla ya kutoka D.O. aliniita. Alikuwa na furaha. "Yule mzee ametushangaza. Mkubwa anasema mtu aliyetoa tano anazo kumi. Mwambie alete tano nyingine, ndipo tuzungumze juu ya kijana."

Nikasema, "Afande, hana nyingine."

"Alisema mwenyewe ni za watu wake. Si wewe uliyetafsiri?"

Ningesema nini? Nikisema hazikuwa zake, Mzee anafungwa kwa kuidanganya serikali, na mimi pamoja naye. Nikasema ndiyo, afande.

Nikakimbia dukani kwa Mursal. Chifu Mursal. Amevaa kofia ndani ya duka, anapima chai. Nikamweleza. Akasikiliza vizuri. "Zile ndizo zilizokuwepo," akasema. "Nilimkumbuka, akanikumbuka. Tumemaliza." Akaniuliza kama sukari nyumbani imekwisha.

Nimerudi. Nimemwambia Mzee D.O. anakula. Hajakasirika. Kupitia dirishani ananiuliza, adeer, Adow ataletwa na gari au atatembea? Kwa sababu kama ni kutembea, na kifua kile, afadhali aende mapema kwa jirani akaombe punda.

Nimemwambia akaombe punda.

Ameshika njia karibu anakimbia, mtu wa miaka sabini, ameniachia kikoi dirishani nimshikie. Land Rover ya D.O. inarudi, inaingia langoni.